Nani Ameharibu Sauti?

Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii niliifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, nikaitungia maswali ya mtihani, nikasahihisha majibu yake kwa kalamu nyekundu, na wala sikuwahi kujiuliza kama mimi mwenyewe ni mbaazi. Nilipovuka umri wa miaka sabini ndipo nilipofundishwa maana yake, na walionifundisha hawakuwa maprofesa. Alikuwa fundi kijana mwenye bisibisi mfukoni, pamoja na mjukuu wangu wa kidato cha pili. Katika insha hii nimekusudia kumweleza msomaji jinsi maneno yalivyopotea sebuleni kwangu, na swali ambalo jambo hilo dogo liliniachia: mtu mzima akimhukumu mdogo kwa kosa ambalo hakulitenda, anadaiwa nini?

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilipata mafunzo katika chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikafundisha, nikawa mwalimu mkuu, na sasa naishi na mke wangu Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Sisi wa rika langu tulilelewa na redio ya spika moja. Tuliiweka mezani, tukaizunguka kama tunavyozunguka moto, na sauti ya Redio Tanzania Dar es Salaam ikatoka mahali pamoja. Kama redio haikusema, tulianika betri juani au tukanunua mpya. Palikuwa na mshitakiwa mmoja tu, na kesi haikuchukua muda.

Miaka michache iliyopita wanangu walichanga fedha wakatununulia ule muziki wa kisasa ambao spika zake humzunguka mtazamaji. Zipo spika tatu mbele, mbili nyuma, na sabufa moja pembeni. Mafundi huuita mfumo wa tano nukta moja: tano ni zile spika za kawaida, na ile nukta moja ni sabufa, kwa sababu hiyo hubeba sauti nzito za chini peke yake. Jambo hili si geni sana duniani. Mwaka 1940 filamu ya katuni iitwayo Fantasia ilionyeshwa katika baadhi ya majumba ya sinema ya Marekani kwa spika zilizotawanywa, na mwaka 1992 filamu ya Batman Returns ikaingia katika majumba ya sinema na huu mpango wa tano nukta moja, ambao baadaye ulifuata watu hadi majumbani.

Ninaomba msomaji aikumbuke spika moja kati ya hizo, ile ya katikati, inayokaa chini ya televisheni. Spika za pembeni hubeba zaidi muziki, upepo, magari na kelele za umati. Ile ya kati ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo, ili neno lionekane linatoka mdomoni mwa anayesema, hata kwa mtu aliyeketi pembeni ya chumba. Hiyo ndiyo mdomo wa mfumo mzima. Ikinyamaza, nyumba haiwi kimya. Utasikia vishindo vyote vya dunia, ila hutasikia mtu anasema nini.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwangu. Jioni moja, katika taarifa ya habari, nilisikia muziki wa kufungulia barabara kabisa, kisha mtangazaji akafungua kinywa na maneno yakawa kama yanatoka chini ya blanketi. Niliongeza sauti, sabufa ikatikisa vikombe kabatini, na maneno yakabaki huko huko chini. Mjukuu wangu, ambaye alikuwa anaishi nasi kwa ajili ya shule, alikuwa ameketi mkekani. Siku mbili kabla nilikuwa nimemkuta ameshika rimoti, anabonyeza huku na huku akitafuta mpira. Basi sikuhitaji ushahidi mwingine.

"Umechezea muziki," nikamwambia.

"Hapana, babu. Nilibadilisha stesheni tu."

Kabla ya hapo tulikwisha gongana kwa jambo jingine. Mtangazaji alikuwa ametaja idadi ya watu waliojeruhiwa katika ajali ya basi, mimi nikasema sita, mtoto akasema, "Babu, amesema tisa." Nilimkemea kwa ubishi. Kwa hiyo siku hii nilikuwa na mashitaka mawili mkononi, ubishi na uharibifu, na lile la kwanza likawa shahidi wa lile la pili. Nikampiga marufuku kugusa rimoti, nikamwondoa sebuleni nyakati za jioni, kisha nikampigia baba yake simu na kumweleza kwamba mwanawe ameanza utundu. Mtoto hakulia wala hakujibu. Alikwenda kusomea jikoni.

Likizo ya mwezi wa sita ilipofika akaenda kwa wazazi wake Dodoma. Sasa hebu msomaji aitazame akili yangu ilivyokuwa inafanya kazi. Mtuhumiwa ameondoka, lakini tatizo limebaki pale pale. Mtu mwenye busara angesema: huenda basi si yeye. Mimi nikasema: uharibifu alioufanya ndio huo umebaki. Akiwapo, kuwapo kwake ni ushahidi. Asipokuwapo, alama zake ni ushahidi. Nimejifunza kwamba hukumu ikishatangulia, kila kitu kinachokuja baadaye hugeuka kuni za kuuchochea moto ule ule.

Mwishoni mwa likizo mwanangu akapiga simu. Baada ya salamu alisitasita, kisha akasema, "Baba, mtoto hataki kurudi. Anaomba tumtafutie shule huku. Anasema babu anamwona mharibifu." Nilimjibu kwamba watoto wa siku hizi hawataki kuonywa. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nikamwita fundi, zaidi kwa nia ya kupata mtu wa kuthibitisha kwamba nilisema kweli.

Fundi alikuwa kijana ambaye umri wake haukufika thelathini. Aliniamkia, akaketi, na badala ya kutoa bisibisi akaanza kuuliza maswali kama daktari. Tatizo lilianza lini? Liko kwenye king'amuzi peke yake, au hata mkiweka sinema? Kelele zinasikika na maneno hayasikiki, au vyote vimefifia? Nilipomwambia kwamba hayo hayana haja, maana aliyeharibu anajulikana, alitabasamu kwa adabu akasema, "Mzee, naomba nisimshike mtu kabla kipimo hakijamshika."

Kisha akafanya kazi kwa utaratibu ambao niliutambua mara moja, maana ndio tuliofundishwa chuoni katika somo la sayansi: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, vingine viache kama vilivyo. Kwanza aliweka sinema kutoka katika flashi yake mwenyewe. Maneno yakawa bado hayasikiki, hivyo king'amuzi kikaachiwa huru. Pili, aliingia katika mipangilio akabonyeza sauti ya majaribio, mvumo kama wa mvua ya mbali, unaopita katika spika moja baada ya nyingine. Ukavuma kushoto. Ulipofika katikati, kimya. Ukavuma kulia, ukaenda nyuma, ukarudi. Tatu, alichomoa waya wa spika ya kulia akauchomeka katika ile ya kati iliyodhaniwa imekufa. Ikavuma vizuri kabisa. "Umeona, mzee? Hii haina kosa. Tumeipa nafasi ya mwenzake, imesema."

Maneno hayo aliyasema juu ya sanduku la mbao, lakini yaliniingia mahali pengine. Katika miaka yote ya uongozi, ni mara ngapi nilimpa mtuhumiwa nafasi ya mwenzake nione kama atasema?

Ndipo fundi akavuta kabati. Nyuma, waya wa spika ya kati ulikuwa umening'inia, ncha yake ya shaba inang'aa. Zaidi ya hayo, nyaya za spika ya kushoto zilikuwa zimepishana, nyekundu mahali pa nyeusi. Alinieleza kwamba zikipishana hivyo, spika moja husukuma hewa mbele wakati mwenzake anaivuta nyuma, sauti nzito zikafutana zenyewe kwa zenyewe, na sauti ya mtu ikakosa makao. Kisha akauliza, bila kumtazama mtu, "Nani alisogeza hili kabati?"

Mke wangu akajibu kutoka mlangoni, "Si wewe, baba, siku ile ya panya?"

Ni kweli. Jumamosi moja nilikuwa nimemwona panya akiingia nyuma ya kabati. Nikalivuta, nikafagia, nyaya kadhaa zikachomoka, nikazirudisha bila miwani, nikalisukuma kabati mahali pake. Nilikuwa nimelisahau kabisa jambo lile, au tuseme nilikuwa sijalihesabu. Mjukuu aliyebonyeza rimoti nilisema amechezea muziki. Mimi niliyechomoa nyaya nilisema nimefagia. Hivi ndivyo tulivyo, ndugu msomaji. Matendo ya wenzetu tunayapa majina makali, na yetu wenyewe tunayavisha majina mapole, kisha tunashangaa kwamba kosa halionekani upande wetu.

Lau hadithi ingeishia hapo, ningekuwa nimepata aibu ya siku moja. Fundi alirudisha nyaya, akaweka taarifa ya habari. Mke wangu akasema, "Alhamdulillahi, maneno yamerudi." Mimi nikasikia yamerudi nusu. Nikamwambia fundi aongeze. Akaongeza. Nikamwambia aongeze tena. Mke wangu akaziba masikio. "Mzee, unataka kutubomolea nyumba?" Fundi akapunguza taratibu, akanitazama kwa macho ya huruma, akasema kwa sauti ya chini jambo ambalo nililazimika kumwomba alirudie: "Mzee, hapa mimi nimemaliza. Kilichobaki hakimo katika nyaya."

Nilikwenda hospitali. Waliniingiza katika kijumba kisicho na kelele, wakanivisha vipaza sauti vya masikioni, wakaniambia nibonyeze kitufe kila nisikiapo mlio hata kama ni mdogo namna gani. Baadaye daktari alinionyesha mchoro. Upande wa milio mizito mstari ulikwenda sawasawa, kisha ulipofika katika milio mikali ukateremka kama njia ishukayo mlimani. Alinieleza kwamba ndani kabisa ya sikio, katika kiungo kilichojiviringa kama konokono, mna vijinywele vidogo vinavyopokea sauti, na vile vinavyopokea milio mikali aghalabu ndivyo hutangulia kufa kadiri mtu anavyozeeka. Vikifa, havioti tena. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2021 kwamba zaidi ya watu milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada. Kwa hiyo sikuwa peke yangu, ingawa nilikuwa nimeishi kama mtu anayesikia kuliko wote.

Swali langu kwa daktari lilikuwa hili: imekuwaje nisijue? Akanijibu kwamba irabu zina nguvu na hukaa zaidi katika milio ya chini, lakini konsonanti kama s, f, t na sh ni nyembamba na hukaa zaidi juu. Asiyesikia milio ya juu huendelea kusikia kwamba watu wanasema, ila hupoteza kile wanachosema. Fikiri juu ya Kiswahili chetu, ambacho karibu kila silabi yake humalizikia kwa irabu. Nilikuwa naletewa irabu zote, na ubongo wangu, kwa uzoefu wa miaka sabini, ukawa unajazia konsonanti kwa kukisia. Sita na tisa, ukiziondolea konsonanti, ni neno moja. Mtoto alikuwa amesikia. Mimi nilikuwa nimekisia, nikamwadhibu aliyesikia.

Hapo kumbukumbu moja ya zamani iliamka, nami sina budi kuiandika. Katika miaka ya themanini, nikiwa mwalimu mkuu, palikuwa na mvulana aliyekuwa haitiki akiitwa mstarini. Niliona ni kiburi. Nilimchapa viboko mbele ya wenzake, na nikamwambia kwa sauti kubwa ile methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwaka uliofuata, alipokuwa amekwisha acha shule, mama yake alipita ofisini kwa jambo jingine, akataja kwamba mtoto yule alikuwa akitoka usaha masikioni tangu utotoni. Sikumwambia kitu yule mama. Nilimpa pole, nikaendelea na kazi. Nilijifariji kwamba nilimwadhibu kwa nia njema na kwamba sikujua. Yote mawili ni kweli. Lakini sasa najiuliza: kutokujua kwangu kulitokana na jambo lisilojulikana, au kulitokana na mimi kutouliza? Kumwita mtoto kwa nyuma, kwa sauti ya kawaida, ni kipimo ambacho hakigharimu hata senti moja.

Mtu asiyejua hana hatia, hilo nalikubali. Lakini asiyejua akahukumu kana kwamba anajua, huyo ana hatia si ya kutojua bali ya kuhukumu. Fundi naye hakujua alipoingia sebuleni kwangu. Tofauti yetu ni kwamba yeye alilijua hilo, akapima.

Niliporudi kutoka hospitali nilimweleza mzee mwenzangu, mwalimu mstaafu kama mimi, kwamba nakusudia kumwomba mjukuu wangu radhi. Akacheka. "Mkubwa haombi radhi kwa mtoto," akasema. "Mkubwa hununua soda." Alisema kwa mzaha, lakini ndivyo tulivyolelewa wengi wetu, na hoja yake ina uzito. Mtoto akizoea kuona wakubwa wanajishusha, alisema, kesho hatamtii mtu. Isitoshe, soda inasema yote, na heshima ya kila mmoja inabaki mahali pake.

Niliipima hoja hiyo kwa siku kadhaa, maana si ya kupuuzwa. Naam, wema wa kimya una nafasi yake. Lakini nilijaribu kukaa mahali pa mtoto, kama fundi alivyobadilisha nyaya, nikaona jambo. Mtoto aliyeambiwa kwamba ameharibu, kisha akapewa soda bila neno, ataelewa nini? Ataelewa kwamba babu amemsamehe. Yaani soda ile, badala ya kuiondoa hukumu, itaithibitisha. Mimi niliyekosa nitakuwa ndiye mwenye huruma, na yeye asiye na kosa atakuwa amesamehewa kosa ambalo hakulitenda. Hiyo ni dhuluma ya pili, nayo ni mbaya kuliko ya kwanza kwa sababu ina ladha tamu. Hukumu iliyotamkwa kwa neno haina budi kufutwa kwa neno.

Juu ya utii, nasema hivi. Mtoto hamtii mkubwa kwa sababu mkubwa hakosei. Watoto wanajua vizuri sana kwamba tunakosea. Humtii kwa sababu anaamini kwamba mkubwa akipambanuliwa ukweli ataufuata. Imani hiyo ikifa, kinachobaki ni woga, na woga huishia siku mtoto anapokuwa na nauli.

Kwa hiyo nilipanda treni ya umeme, ile iliyoanza safari zake mwaka 2024, nikaenda Dodoma. Sikutaka kuyasema kwa simu, tena nilitaka wazazi wake wawepo. Kwa kuwa mashitaka niliyapeleka mpaka kwa baba yake, kufuta nako kulipaswa kufike huko huko. Baada ya chakula nilimwita mjukuu wangu aketi karibu, upande wa sikio langu lililo afadhali, nikamwambia: "Muziki niliuharibu mimi, siku ya panya. Wewe hukuharibu kitu. Nilikusingizia, na nilikusingizia kwa baba yako. Naomba unisamehe." Mkwe wangu aliinuka akaenda kuondoa vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha ondolewa. Mwanangu alitazama chini. Mtoto alikaa kimya kitambo, kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia:

"Kwa hiyo, babu, ile siku ilikuwa tisa?"

"Ilikuwa tisa," nikamjibu.

Shule zilipofunguliwa alirudi Morogoro. Sasa navaa kifaa cha kunisaidia kusikia, ambacho siku za kwanza kilinipigia kelele za vijiko na viatu hata nikatamani kukitupa, lakini taratibu nimekizoea. Mambo ya nyaya nimemwachia mjukuu, na amezibandikia vikaratasi vya majina ili mtu akifagia asipotee. Mvua inapopiga bati na maneno yakanikwepa, simlaumu mtu. Namuuliza: amesema nini? Ni swali fupi, na kwa miaka mingi niliona aibu kuliuliza.

Msomaji mpenzi, huenda nyumbani kwako hakuna spika sita. Lakini pana watu, na siku moja maneno yao yatakufikia nusu. Utasikia vishindo vyao vyote, hasira, milango inayofungwa, vicheko, ila hutasikia wanasema nini. Siku hiyo usianze kwa kumtafuta aliyeharibu sauti. Anza nyuma ya kabati ulilolisogeza mwenyewe. Usipoona kitu huko, jipime sikio. Ukisha kupima hayo mawili ndipo unyooshe kidole. Na mara nyingi, nakuhakikishia, utaona hakuna wa kunyooshewa.